Mboje, bodaboda anayewarudisha watu kwenye mahame yao

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua la Bariadi halijaanza kuchoma, Mboje Ngeleja amechuchumaa nyuma ya nyumba yake akiwa ameshika kidude cheusi, ukubwa wake kama kipande cha sabuni. Anakipuliza. Anakifuta kwa fulana. Anakiinamisha kidogo kuelekea mwanga, kisha anaanza kusoma namba kwa sauti.

"Hiyo nane au sifuri?" anauliza mkewe, Apolonia, aliyekaa kwenye ndoo akibonyeza simu ya tochi.

"Nane."

"Jana ulisema sifuri."

"Jana kulikuwa na joto."

Kidude hicho ni jipiesi, kile chombo kinachoshika satelaiti na kukuonyesha ulipo na unakokwenda. Kimezeeka. Jua likipanda, kioo chake kinakuwa cheusi chote kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Kinasomeka asubuhi tu, kukiwa na ubaridi. Kwa hiyo wiki hii ya mwanzo wa Oktoba 2013, mume na mke wanaamka mapema kunakili namba zilizomo ndani yake kabla hakijafa kabisa.

Wanazihifadhi kwenye simu kama namba za watu. Jina la familia, halafu tarakimu. Mara mbili Apolonia amekosea akabonyeza kitufe cha kupiga.

"Yule mwanamke wa mtandao akaniambia namba hiyo haipo," anasema Apolonia. "Nikamwambia Mboje, marehemu wako huyu amekata laini."

Mboje hacheki sana. Namba hizo ni kazi yake. Kila moja ni ya mahame, yaani boma ambalo wenyewe walihama wakaliacha, na humo kuna mtu amezikwa.

Mboje ana umri wa miaka 49 na anaendesha pikipiki ya abiria katika stendi ya Bariadi. Siku ya kawaida, akishatoa mafuta, anabaki na shilingi elfu nane hadi kumi. Safari ya mahame humpa elfu arobaini, lakini inaweza kula siku nzima, na huja kwa msimu tu, kuanzia Juni mpaka mvua zinapokaribia.

Wateja wake ni Wasukuma walioondoka na ng'ombe wao kufuata majani. Wapo walioishia Mpanda, wengine Usangu, wengine Ifakara hadi Lindi. Walihama kaya nzima, watoto na mbwa. Waliobaki ni wale waliokwishazikwa, na kwa desturi ya familia nyingi za huku, mwenye kaya alizikwa ndani ya zizi lake. Miaka inapita, watu wanapata uwezo, wanataka kurudi kujengea kaburi la baba au kusema naye jambo.

"Mtu anashuka kwenye basi na begi, anakuambia nipeleke kwa baba," anasimulia Mboje. "Unamuuliza, kwa baba wapi? Anasema ni upande wa Lalago, kulikuwa na ua wa minyaa. Sasa Lalago ni nani ambaye hakuwa na ua wa minyaa?"

Zamani alikuwa anazunguka nao kijiji hadi kijiji, akiuliza. Siku nyingine walilala njiani. Mwaka 2004, kampuni moja ya kutafuta madini iliyomwajiri kama kibarua wa kubeba vifaa kule Meatu ilifunga kazi. Fundi aliyekuwa bosi wake alimwachia jipiesi iliyochakaa badala ya kuitupa. Mboje, aliyeishia darasa la nne, alikuwa ameshajifunza vitufe vyake kwa kutazama. Tangu hapo, kila alikofika na mteja alibonyeza, akahifadhi.

"Wenzangu walisema nimerukwa na akili. Nani analipia kitu ambacho ameshakiona? Mimi nilijua watarudi. Mtu hawezi kuja kwa baba yake mara moja tu."

Aliyerudi mwaka huu ni Kwandu, mjane wa miaka sabini na kitu anayeishi Mpanda. Mara ya kwanza Mboje alimpeleka yeye na mwanawe, Masele, mwaka 2006. Siku hiyo minyaa ya boma lao karibu na Lalago ilikuwa bado imesimama, wakapaona kwa mbali. Safari hii Masele alipiga simu mwezi Agosti akiwa na habari nyingine: shamba limeuzwa, minyaa imeng'olewa, zizi limelimwa pamba. Wao walitaka kuja kuweka saruji juu ya kaburi la mzee.

Mnunuzi wa shamba, Mahona, si mtu mbaya. Aliwajibu kwa simu kwamba atawaachia kaburi na njia ya kulifikia, ila wamwonyeshe lilipo. Trekta alilokodi linakuja katikati ya Oktoba, nalo linalima kwa kina kuliko ng'ombe.

"Sikuwakatalia," anasema Mahona. "Lakini mtu akikuambia liko humu humu, wewe utaacha ekari ngapi? Nilisema waje na alama. Wakikosa, nalima."

Hapo ndipo kioo cha Mboje kilipoamua kugoma. Namba za Kwandu alikuwa nazo. Chombo cha kuzifuata hakuwa nacho.

Alianzia palepale Bariadi. Tangu mji ulipofanywa makao makuu ya mkoa mpya wa Simiyu, maduka ya umeme yamezaana. Vitu ambavyo miaka ya nyuma ungeviona kwenye Landrova ya serikali tu, sasa vinaning'inia kwenye misumari pamoja na chaja na redio. Dukani kwa Constantine akaonyeshwa jipiesi ya gari, kioo kipana, shilingi laki mbili na nusu.

"Hii inaongea," Constantine akamwambia.

"Inaongea nini?"

"Inakuambia kata kushoto, kata kulia."

Wakaitoa nje, wakaiwasha. Ikaonyesha jina la Bariadi, mstari mmoja wa barabara kuu, na kuzunguka hapo weupe mtupu kama unga. Mboje akaingiza namba za Lalago. Chombo kikakataa, kikaanza kusisitiza kwa Kiingereza kwamba warudi barabarani.

Dereva mwenzake, Kija, alikuwepo. Hakumwachia. "Nunua, ndugu yangu. Angalau utapata wa kuongea naye njiani. Abiria wako wengine wote wamekufa."

Duka la pili walimletea kifaa kidogo cha kufichwa ndani ya pikipiki, cha kuwekewa laini ya simu. Ikiibwa, kinakutumia ujumbe kukuambia iko wapi. Bei ilikuwa nzuri. Mboje akakirudisha mezani.

"Hicho kinajua pikipiki iliko," anasema. "Hata mimi najua iliko. Nimeikalia."

Akaazima simu ya kupangusa ya shemeji yake. Hiyo ilishika satelaiti vizuri, tena haraka, akafurahi. Akaenda nayo Mwanhuzi kuijaribu. Chaji iliisha kabla hajafika, na katika nyika ile hakuna pa kuchomeka. Chombo chake cha zamani kilikula betri mbili ndogo za dukani, zile za redio, na kilikaa siku mbili.

Basi akapanda basi la Mwanza. Mbali na nauli, alikuwa na laki moja na nusu, fedha alizokuwa amezitenga kwa matairi mawili.

Katikati ya jiji alielekezwa kwa Goodness, mama anayeuza vifaa vya mitumba vya wapimaji na wachimbaji: kanda za kupimia, kofia ngumu, darubini. Alikuwa na jipiesi mbili za mkononi. Mboje hakuuliza bei. Alisimama kizingitini mwa duka, akahifadhi mahali pale, kisha akaondoka na chombo cha kwanza kuzunguka mtaa, Goodness akimfuata kwa nyuma akidhani anaibiwa.

Akageuka, akakiamuru kimrudishe mlangoni. Kikampeleka ng'ambo ya barabara, ndani ya saluni ya wanawake.

"Karibu, baba," akaambiwa. "Umekuja kusuka?"

Cha pili kilimrudisha kizingitini. Akarudia tena, akipita njia nyingine, akirudi kwa upande wa nyuma. Kizingitini.

"Nimeuza vitu hivi miaka sita," Goodness anakumbuka, "sijaona mtu anayenunua jipiesi kama ananunua ng'ombe."

"Nikamwambia ndivyo ilivyo," anasema Mboje. "Lazima umwone akitembea."

Goodness alitaka laki na themanini. Walivutana mpaka mchana. Akampa kwa laki moja na nusu, bila boksi wala waya. Mboje alirudi Bariadi na chombo mfukoni, na pikipiki yake ikabaki na matairi yaliyolika kama kisigino cha kandambili.

Siku tatu baadaye, asubuhi, msafara ulitoka Bariadi. Mboje alimbeba Kwandu, Kija akambeba Masele na mfuko wa saruji. Mahona alikuwa anawasubiri shambani.

"Mwangaluka, mayu," akamsalimu bibi kwa Kisukuma, kwa heshima ya mama.

"Mwangaluka," akajibu Kwandu, huku akitazama huku na huku. Hakukuwa na kitu cha kutazama. Miti ya pamba ilikuwa imeshang'olewa na kuchomwa. Ardhi tupu, nyeusi, imepasuka, kutoka walipo hadi nyumba za mbali.

Mboje akashika chombo mbele yake, akatembea. Wote nyuma yake. Akapunguza mwendo, akasogea kidogo kulia, akasimama.

"Ni hapa."

Masele akatua jembe. "Hapa ndipo kaburi?"

"Hapana," Mboje akasema. "Hapa ni mlangoni."

Ikabidi aeleze, na hadi leo akieleza anakuna kichwa. Miaka yote, akiwa na mteja, yeye hakuingia ndani ya zizi alimozikwa mtu. Si ukoo wake. Mgeni anasimama mlangoni pa boma, wenyewe wanaingia, wanamaliza yao, wanatoka. Kwa hiyo alibonyeza akiwa pale aliposimama. Namba zote alizo nazo, za familia thelathini na moja, ni namba za milango.

"Boma lilikuwepo. Ukifika mlangoni, si unaona ndani?" anasema. "Sikufikiria kwamba kuna siku mlango utakuwa katikati ya shamba na hakuna ua wala zizi."

Mahona akaangalia saa yake. "Sasa ndani ni upande gani? Maana mlango una pande mbili."

Masele alikuwa mtoto wa miaka mitano walipohama, na mwaka 2006 alimfuata mama yake tu. Akaelekeza upande mmoja, akasita, akaelekeza mwingine. Akamgeukia Mboje kwa hasira. "Mzee, tumetoka Mpanda! Laki ngapi za nauli, halafu unatuleta mlangoni?"

"Masele," mama yake akamwita. "Nyamaza kidogo."

Kwandu alikuwa ameshavua kandambili. Akamwuliza Mboje, "Mwanangu, una hakika ni mlangoni?"

"Nina hakika, mayu. Nilisimama hapa, nawe ukanipita hapa mkono wa kushoto."

"Basi inatosha. Umenifikisha mlangoni kwangu. Ndani napajua mwenyewe."

Akatazama jua, akajigeuza, akaanza kutembea. Hakwenda moja kwa moja. Alikata kona mahali ambapo hapakuwa na kona. Alizunguka kitu ambacho hakikuwepo. "Hapa jiko," akasema, bila kumwambia mtu. "Hapa nyumba ya mke mkubwa. Ndama walilala huku." Mahali fulani akainua mguu juu zaidi, kama anavuka gogo la mlango wa zizi. Akaenda hatua chache, akasimama, akakaa chini.

"Chimbeni hapa. Polepole."

Masele akapiga jembe. Udongo wa juu ulikuwa laini kwa kulimwa. Mara ya nne au ya tano jembe likalia. Jiwe. Likafuata jingine pembeni yake, na jingine, yamepangwa kwa mstari, kama familia ilivyoyaweka siku ya mazishi.

Mahona akavua kofia. Halafu akaenda mwenyewe kuchukua vijiti akaanza kuvichomeka kuzunguka mawe yale, akiacha nafasi ya kutosha wenye kaburi kupita na ndoo za maji ya saruji.

Mboje alikuwa bado amesimama pale pale mlangoni, chombo mkononi. Kwandu akamwona.

"Wewe unangoja nini huko? Ingia."

"Mimi si wa humu, mayu."

"Nimeshakukaribisha. Au unataka mjukuu wangu naye aje kutangatanga?"

Akavua viatu. Akaingia kwa njia ileile aliyopita bibi, kona kwa kona, akafika kaburini, akabonyeza.

Tangu siku hiyo Mboje anapiga simu. Hizi sasa ni namba za watu walio hai: Ifakara, Usangu, Mpanda. Anawauliza kama kwao yupo bado anayekumbuka nyumba ilikaa wapi na zizi lilikaa wapi. Ifakara mzee wa familia moja amefariki mwezi Mei, na vijana wake wamemwambia wao hawakuwahi kuona boma hilo. Usangu wako wawili, mmoja haoni.

Matairi bado hajanunua. Anapanga kuyapata kwa safari mbili zijazo, kisha avuke na wenyewe kwenda kwenye mahame ya Mwanhuzi na Mwamanyili kabla mvua hazijaleta matrekta.

"Milango ninayo," anasema, akiweka betri mpya. "Wanaojua ndani ndio wanakwisha. Nataka waje wakiwa bado wanatembea."