Nilisamehewa Kifo cha Mbwa Ambaye Sikumgusa

"Tuambie kuhusu yule mbwa uliyemuua."

Hilo ndilo swali la kwanza nililoulizwa kwenye usaili wa chuo cha udaktari wa mifugo.

Hawakuuliza kwa nini napenda wanyama. Hawakuuliza nimetoka wapi. Mbwa niliyemuua.

Wakuu, sijawahi kuua mbwa.

"Mbwa gani?" nikauliza.

Wasaili wakatazamana. Mama aliyekaa katikati akavua miwani. "Binti, hapa tunapenda mtu anayekubali makosa yake."

Nilitoka mle ndani bado sijui ni mbwa gani.

Naitwa Marit. Nimekulia Wisconsin, kwenye ng'ombe wa maziwa. Kwetu udaktari wa mifugo huendi moja kwa moja. Kwanza upige shahada ya kwanza, ufaulu kemia inayoliza watu vyooni, halafu ufanye kazi chini ya daktari atakayesimama akusemee. Nafasi kiduchu, waombaji kama nzige.

Wa kunisemea mimi alikuwa Daktari Asplund, daktari pekee wa mifugo pale wilayani. Kila nikipata mapumziko nipo kwake, nazoa mavi, nashika ndama, naosha vizimba.

Siku ya kwanza kuingiza mkono kwa ng'ombe aliyekwama kuzaa, alisimama nyuma yangu anacheka. "Zamisha mkono, Marit! Hakuumi huyo, anakushangaa tu!"

Ndama alipotoka, akanifuta uso kwa taulo lake. "Wewe ni mwanangu," akasema.

Baba yangu alishafariki. Neno lile nililimeza zima zima.

Pale kliniki tulikuwa wanafunzi wawili. Mwingine ni Kendra. Tunalala chumba kimoja chuoni, tunaota ndoto moja, tunaulizana maswali ya mtihani huku tunapiga mswaki.

Majibu yakatoka. Kendra kachaguliwa. Mimi nimetoswa.

Nikakimbilia kwa Daktari Asplund. Nililia hadi kwikwi. Akanimiminia kahawa, akanipigapiga begani.

"Sijui nani kakuchafua, mwanangu. Ila huyo Kendra, mwangalie. Macho anayokutazama nayo siku hizi si mazuri."

Nikamnunia Kendra kuanzia siku hiyo. Wiki ile ile akahama chumba, wala hakuuliza nimemnunia kwa nini. Nikasema, si ndiyo hivyo, mwenye hatia kajitambua!

Theluji ilipoyeyuka nikaenda dukani kununua chakula cha ndama wetu. Pale mlangoni nikakutana na Mzee Hruska, mfugaji wa upande wa pili wa mto. Akavua kofia.

"Binti, nimekutafuta. Nataka ujue nimekusamehe."

"Umenisamehe nini, mzee?"

"Mbwa wangu, Duchess." Akaikunja kofia mkononi. "Kile chuo, ni mimi niliwapigia. Hasira, binti yangu. Nikawaambia wasikuchukue. Wakamuuliza Asplund, naye akathibitisha. Baadaye nikawaza, mtoto wa watu huyu, nimemharibia maisha kwa ajili ya mbwa."

"Mzee, nani alikwambia nilimuua Duchess?"

"Daktari mwenyewe. Eti ulizidisha dawa ya usingizi akiwa anang'olewa jino. Ile siku wanafungua msimu wa kuwinda kulungu."



Siku hiyo sikuwa kliniki. Nilikuwa msituni na kaka yangu, nimekaa juu ya mti na bunduki mapajani, natetemeka kwa baridi. Mjini kwetu siku ile hata mchungaji hapatikani, wote wako porini kuwinda.

Aliyekuwa kliniki ni Kendra.

Nikaendesha pikapu moja kwa moja hadi chuoni. Nikamkuta anakunja nguo kwenye chumba cha kufulia.

"Duchess," nikasema. Neno moja tu.

Akakaa sakafuni.

"Sikumuua mimi, Marit. Naapa. Daktari alikosea kipimo, halafu akatoka nje kuongea na simu. Nikamwita, akanionyesha kidole ningoje. Aliporudi, mbwa alishaacha kupumua."

"Kwa hiyo mimi nimeingiaje hapo?"

Akaanza kulia. Mimi sikuwa na machozi.

"Alisema akijulikana ni yeye, atafungiwa leseni na hatatusemea hata mmoja wetu. Akasema mzee hakosi kuuliza, na mwanafunzi mmoja lazima aubebe huu mzigo. Akaniuliza, 'Niseme wewe au Marit?'"

Mashine ya kufulia ilikuwa inazunguka. Nikangoja amalizie.

"Nikasema Marit."

Jamani. Kuna kupigwa, halafu kuna kuchaguliwa upigwe.

Nilienda kwa daktari mchana ule ule. Hakukana. Alikuwa anampapasa paka mezani, na hakuacha kumpapasa.

"Wewe bado mbichi, utaomba tena mwakani," akasema. "Mimi nikifungiwa, nani atatibu ng'ombe wa wilaya nzima? Fikiria watu, Marit."

"Si uliniita mwanao?"

"Na mwana si ndiye anayemsitiri baba yake?"

Nikageuka, nikatoka.

Mzee Hruska nilimweleza yote jikoni kwake. Akavaa koti, akaenda kumshtaki Asplund kwenye bodi ya madaktari, kisha akawapigia chuo, safari hii kwa kunitetea. Kendra alipoitwa na bodi, alisema ukweli. Hilo nampa. Ila alisema baada ya kuitwa, si kabla.

Asplund akafungiwa.

Mnadhani watu walinipongeza? Wafugaji sasa wanafuata daktari mwendo mrefu. Jirani aliyepoteza ng'ombe kwa kuchelewa kutibiwa alinifuata nje ya kanisa, mbele ya mama yangu. "Umeridhika sasa?" Mama akanishika mkono tukaondoka.

Mwaka uliofuata niliomba chuo kingine, mbali, Kansas. Nikapata. Leo nawaandikia kutoka huku, nanuka dawa na kinyesi, na nina furaha kiasi.

Daktari anayetusimamia huku ni mtu mwema. Juzi nilimtoa mtoto wa farasi akiwa hai. Akanipiga begani, akasema, "Safi sana, mwanangu."

Nikasema asante, nikaenda kunawa mikono. Nilinawa muda mrefu sana.

Ndugu yangu unayesoma, "mwanangu" ni neno rahisi mambo yakiwa shwari. Wewe subiri siku lawama inatafuta pa kukaa. Hapo ndipo utajua wewe ni mtoto wa nani.