Msichana Niliyemsindikiza Hadi Msituni Auderghem

Sikuwa nimekunywa, na homa sikuwa nayo. Wanangu wakisikia habari hii wanasema, "Maman, wewe na uzee wako!" Lakini nilimwona mchana kweupe, saa tisa, na viatu vyangu vililowa matope kwa ajili yake. Viatu navyo huota ndoto?

Bon. Ilikuwa miaka ile ya tisini, vita vilipotutoa Bukavu. Nilipata kazi Auderghem, huku Ubelgiji, ya kumtunza mama mmoja mzee, Madame Nora. Shule mimi niliishia mwaka wa tatu, lakini kuogesha wazee hakutaki diploma, kunataka mgongo. Wangu umekwisha.

Bibi yake Madame alitoka kisiwa cha Irlande. Walikuwa wasichana wawili, yeye na mdogo wake Brijita. Brijita alipanda meli kwenda Amerika, na siku ya kuondoka kijiji kizima kilimsindikiza hadi njia panda, isipokuwa dada yake. Walikuwa wamegombana kwa ajili ya mwanaume, wasichana hugombania nini kingine? Baadaye dada akaja Ubelgiji kufanya kazi za nyumbani, akaolewa, akazeeka akijuta. Akamwachia Nora neno moja: mtafute Brijita, au watoto wake, uwaambie sina kinyongo. Madame aliandika barua kwa maparokia ya Amerika mpaka vidole vikapinda. Majibu yalikuwa yale yale: jina hilo hatuna. Mimi ndiye niliyepeleka barua posta, naye alinisomea kila moja kwanza, donc neno lile nililijua kama Baba Yetu.

Siku hiyo Madame amelala, kengele ya mlango ikalia. Msichana, labda miaka kumi na minane, amejifunga shali zito, nguo zinachuruzika maji. Nje hakukuwa na mvua. Nikajiambia huyu ni mkimbizi, kama sisi.

"Mama, hapa ni kwa watu wa kwetu?"

Kiswahili! Cha Bukavu kabisa! Nami, niamini, sikushangaa. Mpaka leo najiuliza kwa nini sikushangaa. Midomo yake ilikwenda kivyake, maneno kivyake.

"Mwenye nyumba amelala. Ingia ule."

Kwetu mgeni haulizwi jina kabla ya kula. Nikampa viazi, akavitazama tu, akasema amechelewa. Na kwetu mgeni haachwi mlangoni, unamsindikiza mpaka yeye mwenyewe aseme rudi. Nikavaa koti. Tukapita kituo cha tramu, tukafika msitu unapoanza, hasemi rudi. Nilishaanza kumwaza Madame kule peke yake. Ndipo akauliza, bila kunitazama:

"Dada yangu angali amekasirika?"

Nilikuwa nimechoka, miguu imekufa ganzi kwa baridi. Nikasema, "Mwanangu, mambo ya ndugu mtayamaliza wenyewe."

Akasema, "Basi rudi, mama."

Akaingia kati ya miti. Shali nililiona, halafu sikuliona. Nikatazama chini: kwenye matope zilikuwa nyayo zangu tu.

Niliporudi Madame alikuwa ameamka. Nikamsimulia huku nacheka, nikidhani namchangamsha. Akanishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua anazo.

"Ukamjibu nini?"

Nikamwambia. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Toka siku hiyo alitaka mlango wa mbele ubaki wazi kila mchana. Baridi ikaingia, kifua kikambana, na kabla ya Krismasi tukamzika. Maneno yake ya mwisho kwangu yalikuwa, "Alors, sasa ni wewe."

Ndiyo sababu nazeekea hapa Evere, na Bukavu sijarudi hata kutembea, ingawa wanangu wanabembeleza. Kila mchana nakaa karibu na mlango, nikimngoja arudi kuuliza. Wewe unayetafuta watu wako wa zamani, wa Irlande au wa Kivu, nisikie: usidhani ni wewe peke yako unayetafuta. Na kama umebeba neno la marehemu, mpe yeyote atakayeliulizia, hata kama humjui. Mimi nilikuwa nalo mdomoni, nikalimeza.