Mkono wa Mwalimu wa Kemia

Mwalimu wa kemia hanusi kitu kwa kukiinamia. Hukipungia hewa kwa mkono, taratibu, harufu ije yenyewe puani, kama mtu amwitaye mtoto wa jirani bila kumtisha. Mwanafunzi wake Mwanamisi amemwona akiyafanyia hivyo mapeasi sokoni Lushoto, maziwa yaletwayo kutoka Kwai, hata chai ya ofisini. Wauzaji humcheka, naye hucheka nao, kisha hununua. Leo maabarani wanafunzi wanapika harufu: alkoholi, asidi ya siki na tone la asidi kali. Mwanamisi, kwa mazoea ya jikoni kwao, alikiweka kichupa chake motoni moja kwa moja. Alkoholi ikapaa, ikabaki siki tupu. Wenzake wakaangua kicheko.

"Mwanangu, asubuhi unauota moto au unauingia?" mwalimu akamuuliza, akimsogezea kopo la maji moto. "Basi alkoholi nayo iache iote."

Mwanamisi akachanganya upya, akakisimamisha kichupa katika maji yale, na safari hii alisubiri. Mwalimu akamimina matone ya kichupa cha Mwanamisi kwenye maji baridi, akapunga, akafumba macho. Akapunga tena. Kisha mkono ule uliozoea kujivutia ukageuka, ukaisukumia hewa kwenye madawati. Peasi bivu. Darasa zima likameza mate.