Faili Kutoka Mtumbwi Mtupu

Kompyuta ya Akelo ilikuwa na sheria moja, na sheria hiyo aliiweka mwenyewe. Faili lolote ambalo mashine haikulitambua lilifunguka kama maandishi matupu. Si kama picha, si kama wimbo, wala si programu ya kuanza kuzurura humo ndani na kufanya inavyotaka. Wateja wa steshenari yake pale Kiseke walikuwa wamezoea kuleta flashi zao na kuona kioo kimejaa alama zisizosomeka.

"Mama Sharon, kompyuta yako imeokoka? Mbona inanena kwa lugha?" walimtania.

"Acha inene," alijibu. "Ikinyamaza ndipo nitaogopa."

Alikuwa na sababu ya kuogopa. Alikuwa ameishia darasa la saba huko Rorya, akauza dagaa, akafiwa na mume, na kompyuta aliijua ukubwani, kwa kufundishwa na binti yake Sharon. Miaka miwili nyuma mtu alimletea flashi yenye ratiba ya mazishi. Kompyuta iliuliza faili lile lifunguliwe kwa programu gani, naye akabonyeza iliyokuwa juu kabisa. Kufikia jioni kazi zote za watu zilikuwa zimeliwa na virusi. Sharon, ambaye sasa ni mwalimu Magu, alipokuja likizo walikaa mchana kutwa wakipitia aina za mafaili moja baada ya nyingine. Kila moja Akelo aliielekeza kwenye programu ya maandishi, na kila mara alitia tiki kwamba iwe hivyo siku zote.

"Maandishi hayaumi, mama," Sharon alimwambia.

Siku ya Alhamisi, saa tatu asubuhi, Akelo alikuwa anatoa kopi ya kitambulisho cha Otuoma, fundi wa mashine za mitumbwi, Bwana Liaqat alipoingia bila hodi. Viatu vyake vilikuwa vimelowa. Liaqat ndiye mwenye mtumbwi ambao kijana wa Akelo, Ooko, alikuwa anavulia sangara pamoja na mwenzake Nestory, na wawili hao hawakuwa wamerudi tangu Jumanne. Akelo alimtazama viatu kwanza, kisha uso, na mkono wake ukabaki juu ya mashine ya kopi.

"Sema tu," alisema.

"Mtumbwi umeonekana, Mama Sharon. Umesukumwa na maji hadi kwenye matete. Mashine haipo."

"Na watoto?"

Liaqat alifungua kiganja. Ndani kulikuwa na kadi ndogo ya kumbukumbu, ndogo kuliko ukucha. Ilitoka kwenye jipiesi, kile kifaa ambacho wavuvi hutumia kukumbuka mahali walipotega. Jipiesi yenyewe waliikuta chini ya mbao za mtumbwi, kioo chake kimekanyagwa kikavunjika.

"Imeandika walikopita. Lakini nimezunguka steshenari mbili. Ya kwanza kompyuta imeuliza ifungue kwa nini, binti akachagua programu ya picha, ikasema faili limeharibika. Ya pili hivyo hivyo. Boti ya kuwatafuta iko tayari, ina mafuta, ila ziwa lote hili tuanzie wapi?"

Akelo alichomeka kadi. Kulikuwa na faili moja, jina lake tarehe, mkia wake herufi tatu ambazo hajawahi kuziona. Akabonyeza mara mbili. Kompyuta haikuuliza kitu. Ilifungua maandishi.

"Ndiyo haya?" Liaqat alishika kichwa. "Mama, haya ni makorokoro!"

"Nyamaza kidogo, baba."

Yalikuwa makorokoro kweli, lakini katikati yake kulikuwa na namba mbili ndefu na saa. Mstari uliofuata, namba mbili na saa, dakika tano mbele. Akelo alishuka taratibu, kidole kikigusa kioo. Mikia ya namba ilibadilika sana kila mstari. Mtumbwi ulikuwa unakimbia. Kisha ilibadilika kidogo kidogo tu, kwa saa nyingi. Walikuwa wanatega. Mtumbwi ukakimbia tena. Halafu, ghafla, mistari minane haikubadilika hata tarakimu moja.

"Hapa walisimama," alisema. "Kabisa. Hata wimbi haliwasogezi."

"Mtumbwi hausimami hivyo kwenye maji," Liaqat alisema polepole. "Umeegeshwa kwenye mwamba."

Akelo alichukua kalamu. Tangu shuleni hakuweza kunakili namba bila kuzitamka, na alizitamka sasa, kwa sauti ya chini, tarakimu moja moja. Liaqat alichukua karatasi na kukimbia nayo kwenye gari.

Akelo hakufunga faili. Mistari ilikuwa inaendelea. Baada ya mwamba, mtumbwi ulikimbia tena, kwa kasi, kama wenye mashine, ukaja kusimama mahali pengine kwa saa nzima. Ndipo mikia ikaanza kutambaa ovyo hadi mwisho, kama kitu kinachoelea. Kwa hiyo mashine iling'olewa hapo pa pili. Kuna watu walikuwa wanajua pa kuifikishia.

Alivuta karatasi nyingine akaandika.

"Na huko chini, shemeji?" Ilikuwa sauti ya Otuoma. Akelo alikuwa amemsahau. Alikuwa bado amesimama palepale na kopi yake mkononi. "Kunaendelea nini?"

"Huko ni upepo tu," alisema Akelo, akafunga faili.

"Upepo," Otuoma alirudia. Akalipa, akaondoka.

Saa kumi alasiri Liaqat alipiga simu. Vijana walikutwa juu ya mwamba wote wawili, wameungua na jua, Nestory amevunjika mkono. Akelo alikaa chini sakafuni, akalia kwa sauti hadi jirani akaja.

Jioni Ooko alikunywa uji tu. Alisimulia kwa vipande. Mwanga wa tochi machoni, wanaume wanne, hakuna sura aliyoiona.

"Walisema nini?"

"Walisema tukipona tuseme ni dhoruba." Alisukuma bakuli. "Mama, mmoja alikuwa anajua kuwasha mashine yetu. Ile ina tatizo, huwezi kuiwasha kama huijui. Yeye aliiwasha mara moja."

Karatasi ya pili ilikuwa kifuani mwa Akelo, ndani ya nguo, na ilikuwa imelowa jasho.

Asubuhi alikuwa hajamaliza kufagia kibaraza Otuoma alipofika. Safari hii hakuwa na kitambulisho wala flashi.

"Ooko hajambo?"

"Hajambo, shemeji."

"Mungu mkubwa." Aliingia ndani, akaegemea meza, akaitazama kompyuta iliyokuwa bado imezimwa. "Jana ulitamka namba mara mbili. Za kwanza alichukua Mhindi. Za pili ulimpa nani?"

Akelo alimfuata ndani, ufagio mkononi. Aliona kucha za Otuoma, nyeusi kwa oili, na aliona kuwa anapumua kwa mdomo kama mtu aliyetembea haraka.

"Polisi," alisema. "Tangu jana jioni. Bwana Liaqat alinipeleka na gari."

Otuoma alicheka kidogo, bila kuonyesha meno.

"Umefanya vizuri, shemeji."

Alishuka barabara ya kuelekea ziwani. Hakugeuka, lakini mwendo wake ulikuwa unaongezeka, na alipofika kwenye kona alikuwa ameshatoa simu.

Akelo aliingia chumba cha nyuma. Alimwamsha Ooko, akamwambia avae shati na asiulize. Akafunga mlango wa steshenari kwa kufuli zote mbili, akagusa karatasi kifuani kuhakikisha ipo, wakashika njia ya nyuma ya nyumba za watu kuelekea kituo cha polisi, yeye mbele, karibu akikimbia, ili uongo wake uwahi kuwa kweli kabla aliyepigiwa simu ile hajaihamisha mashine.