Maksai Aliyekatwa Pembe Jukwaani

Mimi muziki siujui. Marafiki zangu ndio wanaoujua, kwa hiyo kazi yangu wikendi ni kubeba nyaya na kugombana na watu wa spika. Nilikuja Lodwar kufundisha, nikapanga nyumba mtaa wa Kanamkemer, na jirani niliyepewa na Mungu akawa kijana Mturkana mwenye gitaa. Hana studio wala meneja. Anatunga mwenyewe, anarekodi kwa simu chumbani mwake, dirisha kaliziba kwa godoro, kisha ananiita nisikilize. Nikisema wimbo ni mbaya ananuna, nikisema ni mzuri haamini.

Wikendi hiyo tulikuwa na maonyesho mawili: Jumamosi alasiri Lodwar, katika ua wa hoteli moja, na Jumapili Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, kwa rafiki yetu Mkongomani ambaye naye hupiga gitaa. Mimi nilikuwa nimeshaanza kufurahi tangu Alhamisi. Jirani yangu hakufurahi hata kidogo, kwa maana baba yake alikuwa anakuja kutoka Lorugum kumsikiliza kwa mara ya kwanza. Mzee ni mfugaji. Tangu mwanawe aache kazi ya ofisini akashika gitaa, hakuwa amesema lolote, si zuri si baya, na ukimya huo ulikuwa unamla kijana.

"Hata kama atanikataa," aliniambia, "afadhali aseme."

Ili kumpendeza baba yake, aliuchukua wimbo wa maksai wa mzee akautia kwenye gitaa. Kwa Waturkana, mwanamume huwa na maksai mmoja wa moyoni, na humwimba, humsifu rangi na pembe mbele za watu. Maksai wa mzee alikufa kwenye ukame, rafiki yangu huyu akiwa bado mdogo, yuko shule ya bweni. Kilichobaki ni wimbo.

Mzee alishuka kwenye pikapu akiwa na fimbo na kigoda chake. Nilimwamkia "Ejok," akaitikia vizuri, lakini kiti cha plastiki nilichomwekea mbele alikipita, akakaa kwenye kigoda chake pembeni. Kijana wake akaimba. Nasema kweli, sijawahi kumsikia akiimba vile. Watu walisimama, wengine wakatoa simu wakamrekodi, na mimi nikapiga makofi mpaka viganja vikawaka. Mzee peke yake hakujitikisa. Alikuwa akiitazama mikono ya mwanawe.

Nilimkimbilia. "Mzee, umeonaje?"

"Huyu amekata ng'ombe yangu pembe," akasema.

Sikuelewa, akanieleza kwa upole. Wimbo wa maksai huimbwa mikono ikiwa juu, maana mikono ndiyo pembe. Sasa mikono ya kijana ilikuwa wapi? Kwenye gitaa.

"Nyinyi mlisikia wimbo," alisema. "Mimi nilitafuta ng'ombe, sikuona."

Nilipandwa na hasira. Mtoto wa watu ameimba mpaka shati limelowa, na mtu anamuuliza habari za pembe! Nilitaka kumwambia mzee kwamba mwanadamu hakuumbwa na mikono minne. Nikaenda zangu kukunja nyaya. Rafiki yangu alikuwa ameketi juu ya spika, kichwa chini. Alikuwa amesikia yote.

Jumapili asubuhi nilidhani mzee angerudi Lorugum. Tukamkuta ameshakaa ndani ya gari letu la kukodi, kigoda mapajani.

"Naenda na nyinyi," alisema. "Nachunga msikate tena."

Tukafika Kakuma. Mkongomani wetu alitupokea kwa kelele zake zote, "Karibu, papa, karibu!" kisha akaona nyuso zetu. Nilimvuta kando nikamsimulia. Alicheka hadi akashika ukuta.

"Ile si shida," alimwambia rafiki yangu. "Leta gitaa, miye nipige. Weye shika mapembe."

Jambo dogo hivyo, na sisi tulikuwa tumelala tumenuna.

Alasiri ile ukumbi ulijaa Wakongomani, Wasomali, watu wa Sudan Kusini na Waturkana wa mjini. Rafiki yangu alisimama bila gitaa, na nilimwonea huruma, kwani hakujua hata pa kuiweka mikono. Gitaa likaanza. Akainua mikono yote miwili juu, akaimba ubeti mmoja.

"Hapana!"

Mzee alikuwa amesimama. Gitaa likanyamaza. Alikuja mbele polepole, akanipa fimbo yake nimshikie, nami nikajua sasa atamwaibisha mwanawe mbele ya umati. Badala yake aliinua mkono wa kulia juu kabisa. Wa kushoto akaukunja ukateremka mpaka kiganja kikagusa shavu. Akaanza kuimba mwenyewe.

Sauti yake ilikuwa imechakaa na haikufuata gitaa. Gitaa ndilo lililomtafuta mpaka likampata. Watu wasioelewa neno hata moja walianza kupiga miguu chini. Rafiki yangu akaanza kumwitikia baba yake, kwanza kwa woga, halafu kwa sauti yote. Mimi nililia na fimbo ya watu mkononi, na sikuona haya.

Mikono ya mzee ikaanza kutetemeka. Akanyamaza, akamwendea mwanawe, akaushika mkono wake wa kushoto na kuukunja taratibu mpaka ukafika shavuni.

"Pembe yake ilikuwa hivi," alimwambia. "Sasa beba wewe. Mimi mkono imechoka."