Chakula cha Mbwa wa Mjane

Mbwa mwenyewe alikuwa wa rangi ya vumbi, sikio moja limeng'atwa na ngedere. Wengine walisema ni nguruwe pori, lakini nguruwe pori haishii kwenye sikio. Tuyaache hayo.

Tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa, huku Handeni, na mwaka huo mvua ilitususa. Nyumba zilipangwa mstari, kitu ambacho mimi sikukipenda. Niliacha shule darasa la pili, na kupanga mstari kulikuwa mojawapo ya sababu. Nyumba ya mwisho alikaa mjane na watoto wake watatu, na mbwa huyo alikuwa wake. Ndiye aliyefukuza wanyama kwenye shamba la kijiji, maana mwingine hakuwepo. Sisi ni Waislamu, mbwa tunampenda akiwa wa jirani.

Njaa ilipobana, wake zetu walimpelekea yule mama makopa ya muhogo. Akayarudisha.

"Mimi sijawa ombaomba," alisema. "Mwenye shida ni mbwa. Nitampeleka Korogwe kwenye mashamba ya mkonge, huko atapata wa kumlisha."

Balozi wetu wa nyumba kumi alishtuka, akatuita.

"Mbwa akienda Korogwe, hayo mahindi machache tutayalinda kwa mdomo?"

"Mdomo si unao, balozi," jirani mmoja akamwambia.

"Nyamaza wewe. Kila nyumba itatoa chakula cha mbwa kwa zamu. Kuanzia leo huyo ni mbwa wa ujamaa."

Basi tukatoa. Zamu yetu ilipofika, mke wangu alisonga bada, ule ugali wa muhogo, akamega donge la mbwa kubwa kuliko langu. Nikauliza. Akasema mbwa anafanya kazi. Nikala langu.

Ukweli ni kwamba wote tulijua chakula kile ni cha wale watoto, ila hakuna aliyetamka. Na hapo ndipo tulipokosea. Mbwa kwetu ni najisi, chombo alichokilamba unakiosha mara saba, moja kwa udongo, na kiangazi kile nani alikuwa na maji hayo? Kwa hiyo mbwa alikuwa na sufuria yake iliyotoboka, imekaa mlangoni kwa mjane. Mwenye zamu anamwaga humo, anaaga, anakwenda zake. Kilichoingia kwenye sufuria ile hakuna mtoto wa pale ambaye angekigusa. Mbwa akanenepa, akaanza kulala mchana. Watoto wakazidi kukonda, wakabaki shingo tupu.

Mke wangu ndiye aliyeona. Zamu yetu ya pili alitia bada na mlenda kwenye bakuli letu la wageni, akafunika kwa kawa, akaenda nalo. Mimi nilimfuata na mzigo wa kuni.

"Shikamoo, dada. Chakula cha mbwa hiki."

"Marahaba. Mwaga humo."

"Bado kina moto, kitamuunguza. Kipoze ndani, utampa mwenyewe."

Yule mama akalitazama bakuli, akaitazama sufuria. Mbwa alishasimama. Watoto wako nyuma ya mama yao. Nikadhani atalirudisha kama alivyorudisha makopa.

"Kweli," akasema, "huyu mbwa ana pupa."

Akaingia nalo ndani, akarudishia mlango. Bakuli lilirudi limeoshwa mara moja tu, kwa maji kidogo. Mke wangu akalipokea, akaliweka mahali pake.

Baada ya hapo nyumba zote zikawa zinapeleka chakula cha moto. Kuna aliyepeleka maharage. Kuna aliyepeleka samaki mkavu, akaapa kwamba mbwa wanapenda samaki. Mbwa akakonda, akaamka usingizini, ngedere wakaanza kumheshimu tena.

Balozi akaja kukagua.

"Mama, mbona mbwa mbavu nje? Zamu haziji?"

"Zinakuja, balozi. Zote."

"Sasa chakula kinakwenda wapi?"

Yule mtoto mdogo alikuwa kizingitini, analamba vidole. Balozi akamtazama, akakohoa.

"Atakuwa na minyoo," akasema. "Mbwa, nasema."

"Hata mimi nimefikiri hivyo, balozi."

Jioni akatutangazia kwamba mbwa mwenye minyoo hatoshelezwi na mlo mmoja, apelekewe mchana na jioni. Mimi nilinung'unika, sitaki kudanganya. Nilimuuliza mke wangu kama mbwa hawezi kunywa dawa. Akanikabidhi mwiko, akaniambia nisonge mwenyewe.