Nilizima heat pump yangu mwenyewe ili mke wangu anibebee maji ya kuoga. Yaliyonikuta ni haya

Wakuu salaam.

Walio wadogo kwangu, shikamoo zenu nimeshazipokea, msijisumbue kuandika. Walio wakubwa kwangu sidhani kama wapo humu.

Hii si chai. Imetokea nyumbani kwangu, Masuguru, Korogwe, na aliyeaibika ni mimi. Ningekuwa natunga ningejipendelea.

Shule niliishia darasa la tatu kule Handeni, kwa hiyo msinisahihishe herufi. Nilianza kwa kuchoma mkaa, nikaja kununua mahindi kwa debe, leo nina mashine mbili za kusaga na nyumba ya bati la rangi. Kuna wenye digrii mtaani kwangu wanakuja kuniazima ngazi.

Twende kwenye mada.

Mimi naoga maji ya moto kila asubuhi nikitoka msikitini. Najua mtasema Korogwe joto, maji ya moto ya nini. Kiuno changu hakijui kama Korogwe ni joto.

Miaka yote ya ndoa maji hayo alikuwa anayachemsha mke wangu, Mama Zaina, kwa kuni. Anayabeba kwa ndoo mpaka bafu la uani, ananiita: "Baba Zaina, maji."

Nikiingia, haondoki. Anabaki nje ya mlango anaongea. Nani kafa, nani kaposwa, mbuzi wa nani kaingia kwenye mchicha wa nani. Mimi najibu nikiwa na sabuni usoni.

Kwa kifupi, habari zote za nyumba hii nimezipokea nikiwa uchi.

Ila wenye ndoa mnaujua na upande wa pili. Akinuna, maji hayaji. Hagombi, hasemi. Unaingia bafuni unakuta ndoo kavu.

Sasa mwezi wa saba, ule ubaridi wa milimani umeshashuka mpaka huku kwetu, nikamletea wageni wanne wa chakula cha mchana bila kumwambia. Nilisahau. Wageni walikula, wakashukuru, wakaondoka.

Siku nne sikupata maji.

Siku ya nne, natetemeka na kopo mkononi, nikasema huyu nitamwonyesha. Nikaenda kununua heat pump.

Niliwahi kuiona lodge moja Dodoma nilipokwenda mazishini. Kwa asiyeijua: friji inaondoa joto lililomo ndani na kulimwaga nyuma, ndiyo maana mgongo wa friji una joto. Hii ni kama friji iliyogeuzwa. Ina feni, inavuta hewa ya nje, inachukua joto lililomo na kulisukuma kwenye tangi la maji. Hewa inatokea upande wa pili ikiwa baridi. Umeme inakula, lakini kidogo kuliko heater ya kawaida, maana joto lenyewe hailitengenezi, inalihamisha tu.

Na joto la bure Korogwe limejaa. Bei msiniulize.

Hapa niwape faida. Fundi aliyekuja kuifunga, anaitwa Rajabu, alisema mashine ikae nje, mahali penye hewa. Mimi nikamwambia fundi, nimekaa na mashine kabla hujaota ndevu, ifunge stoo, wezi wapo. Akaifunga stoo, mlango nikaufunga kwa kufuli.

Kutwa nzima maji vuguvugu. Nikafungua stoo nikakuta kuna baridi kama bucha la kisasa! Mashine ilikuwa inavuta hewa ileile iliyokwisha kuitema. Rajabu akarudi, akaihamishia nje ukutani, nyuma ya nyumba. Hakusema "nilikwambia". Alipiga mluzi tu muda wote wa kazi. Ule mluzi niliuelewa.

Ikawaka. Maji ya moto bafuni, maji ya moto jikoni. Nikamwita Mama Zaina nikamfungulia bomba.

"Umeona? Sasa mtu akinuna, anune mpaka achoke."

Akaweka kidole kwenye maji. Akakitoa.

"Hongera, Baba Zaina. Umepata mke wa chuma."

Akarudi kwenye mchele wake.

Mwezi wa kwanza na mashine niliishi kama waziri. Nafungua, naoga, natoka. Kimya. Nikadhani ndiyo raha yenyewe.

Mwezi wa pili nikaenda kununua nyama. Muuza bucha ananikatia huku anacheka: "Hongera mzee, tumesikia Zaina wa Chanika ni mjamzito."

Zaina ni binti yangu wa kwanza, ameolewa Chanika, Handeni. Mjukuu wangu yuko njiani na habari naipata buchani, kati ya utumbo na maini!

Nikafika nyumbani nawaka. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia saa ngapi?" akasema. "Asubuhi uko na mkeo wa chuma. Mchana uko kwenye mashine zako. Jioni uko na taarifa ya habari."

Nikahesabu nikaona ni kweli, zaidi ya chumvi imepungua na kufuli liko wapi, hatukuwa tumeongea tangu ile feni ianze kuzunguka. Nilikuwa mgeni kwenye nyumba niliyoijenga mwenyewe. Na siyo kwamba alikuwa amenuna. Alikuwa amezoea. Hilo ndilo lililonitisha.

Mtu mwenye akili angefanya nini? Angemwambia mke wake, njoo tukae tuongee.

Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikazima swichi.

Nikarudi na uso wa msiba. "Mashine imekufa."

"Innalillahi," akasema Mama Zaina. "Imeumwa muda mrefu?"

Kesho yake natoka msikitini, naona moshi jikoni. Ndoo iko bafuni. "Baba Zaina, maji." Na yeye yuleyule nje ya mlango. Zaina anatapika asubuhi. Mama mkwe wake anampikia uji wa pilipili manga. Shangazi yangu wa Handeni ameuza ng'ombe kwa siri. Wakuu, nilioga mpaka vidole vikakunjamana.

Na kwa furaha nikaanza kuropoka. "Haya ndiyo maji! Ya kuni hayana mfano. Yale ya mashine hayana roho."

"Kweli?"

"Hata moshi wake nausikia. Mwili unajua."

Nje akakohoa sana. Nikamwambia anywe tangawizi.

Tukaenda hivyo wiki tatu. Mpaka msikitini niliwasimulia wenzangu kwamba mashine za kisasa ni urembo tu.

Halafu Rajabu akaja. Tulikuwa tumekubaliana apite kuisafisha mapezi, yale mabati membamba yanayoshika vumbi, mimi nimesahau kabisa. Mama Zaina yuko barazani anapukuchua mahindi. Nikamwahi fundi getini: imekufa, usihangaike, nenda tu.

Fundi gani anaambiwa mashine imekufa akaondoka bila kuitazama? Akazunguka nyuma. Nikasikia ule mluzi.

"Mzee, njoo. Mbona maji yako nyuzi hamsini na tano?"

"Haiwezekani."

"Gusa bomba."

Nikagusa. Nikaunguza vidole viwili.

Nikageuka. Mama Zaina ametufuata na ungo wake, anapukuchua huku anatembea.

"Ukishaondoka kwenda kusaga, naiwasha," akasema. "Kabla hujarudi, naizima. Tangi linashika moto mpaka asubuhi. Wewe ukiwa msikitini nakinga ndoo kwenye bomba la jikoni. Moshi ule ni wa chai."

"Na ile harufu kwenye maji?"

"Nachovya kijinga kimoja cha moto. Ulikipenda sana."

Rajabu akakaa chini. Fundi mzima, amekaa kwenye udongo anashika mbavu.

Nikamwambia mke wangu, wewe ni mwongo. Akasema, "Aliyezima ni nani?"

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Ulivyokuwa unausifia ule moshi, ningeanzia wapi?"

Halafu akaacha kucheka. Akasema jambo ambalo nimelibeba mpaka leo.

"Mashine sikuichukia. Bega langu lilikuwa linaomba mashine miaka mingi, wewe hujawahi kuuliza. Nilichukia ulivyoileta, kama fimbo ya kunichapia. Na maneno yangu hayahitaji ndoo. Ungeniita tu ningekuja."

Mimi ni mtu wa kujibu, wanaonijua wanajua. Siku hiyo nilimpokea ungo nikaushika mimi.

Rajabu akainuka, akajipangusa udongo. "Sasa mzee, nisafishe nisisafishe?"

"Safisha," akasema Mama Zaina. "Na koki ya maji ya moto ya bafuni nihamishie nje, karibu na mlango wa bafu. Mimi nitaleta kiti."

Fundi akanitazama mimi mwenye nyumba. Nikamwambia, fanya anavyotaka.

Basi ndivyo tunavyoishi. Mimi ndani naoga, yeye nje amekaa kwenye kiti cha plastiki, mkono uko kwenye koki, anaongea. Nikijibu vizuri, maji yanakuja moto. Juzi alikuwa ananieleza habari ndefu ya shangazi na yule ng'ombe, nikajibu "mh" mara mbili mfululizo.

Nilimalizia na ya baridi, na kiuno hiki.

Funzo langu ni hili: heat pump nunueni, ni kitu kizuri, mkaiweke nje penye hewa msijifanye wajuaji kama mimi. Lakini usinunue chombo kwa ajili ya kumkomoa mwenzako. Ukitaka kuongea na mkeo, mwite. Haina swichi hiyo.

Povu ruksa. Mwenye swali la mashine aulize hapa, nitajibu. Mwenye swali la Mama Zaina aje mwenyewe Masuguru, ila awe tayari kukaa. Viti tumeongeza.